AMIBA KATIKA MWILI ULIOPUNGUKIWA NGUVU

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiacha kuhara damu amekwisha kupona. Sivyo sikuzote. Yafaa ujue habari hii, hasa kama wewe au mtu wa nyumba yako ana mwili usioweza kujilinda vema.

Amiba ni kijidudu kisichoonekana kwa macho. Huingia kinywani pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wengi wanaye tumboni wala hawaumwi. Lakini mara nyingine hula ukuta wa utumbo, na mtu huhara damu na kamasi. Tena aweza kupita katika damu hata kufika ini, akafanya jipu. Hapo mgonjwa hushikwa na homa na maumivu chini ya mbavu za kuume, hata kama haharishi.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni metronidazoli. Zamani waganga walitumia sindano za emetini, ambazo ziliweza kudhuru moyo. Mwaka 1966 waganga wa Durban, Afrika ya Kusini, walitangaza kwamba metronidazoli huponya kuhara damu na jipu la ini pia. Humezwa siku 5 hadi 10, kama mganga alivyoandika. Ladha ya chuma kinywani isikutishe.

Dawa hii huua amiba walio ndani ya nyama ya mwili, lakini walio katika uwazi wa utumbo waweza kubaki. Ukiwaondoa mchwa ukutani na kuacha kichuguu chini ya sakafu, je, hawatarudi? Kwa hiyo iko dawa ya pili: paromomisini kwa siku 7, au diloksanidi kwa siku 10. Usiiache kwa sababu tumbo limetulia.

Sasa angalia hatari kubwa. Deksametazoni na prednisoloni ni dawa njema mkononi mwa mganga. Lakini wako watu wanaozinunua sokoni ili wanenepe. Dawa hizi huwafunga mikono askari wa mwili. Amiba aliyekuwa kimya huinuka kwa ukali, utumbo waweza kutoboka, na mtu akafa. Basi, kabla ya kupewa dawa hizi, mwambie mganga kama uliwahi kuhara damu, ili kinyesi chako kipimwe na utibiwe kwanza. Na kama umezimeza majuma mengi, usiziache ghafula. Nenda ukamweleze mganga, naye atakupunguzia polepole.

Mwenye virusi vya UKIMWI (SIDA) asiache dawa zake za kila siku, maana ndizo zinazowapa nguvu askari wake. Akihara, asijinunulie dawa kwa kubahatisha, kwa kuwa kuhara kwake kwaweza kuletwa na vijidudu vya namna nyingi.

Yuko pia amiba wa namna nyingine, aitwaye akantamiba, aishiye katika maji na udongo. Ni mara chache sana amdhuru mtu, na huwashika zaidi wale waliodhoofika. Huleta vidonda vya ngozi visivyopona, au huingia katika ubongo. Metronidazoli peke yake haimtoshi. Katika hospitali kubwa mgonjwa hupewa dawa kadhaa pamoja, kwa muda mrefu. Mojawapo ni miltefosini, inayotumika pia kutibu kalazari. Wengi wamekufa kwa kuwa ugonjwa ulitambuliwa mwishoni.

Kwa hiyo, wewe uliye Kasindi, maji ya mto Lubiriha yachemshe kabla ya kunywa. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni. Ukiona damu katika kinyesi, au homa pamoja na tumbo kuvimba na kuuma sana, nenda hospitali siku ile ile. Chukua mkononi vidonge vyote unavyomeza, hata vile ulivyonunua kwa siri. Mganga akiviona atajua namna ya kukuokoa.