Nyumba ya marehemu inapouzwa: rangi ipi ni pambo, na ipi ni ghishi?

Katika mitaa mingi ya miji yetu utaona ukuta ulioandikwa kwa herufi kubwa: "NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI". Wenye nyumba huyaandika maneno hayo baada ya kusikia kuwa dalali asiyejulikana amewapitisha wateja nje ya mlango wao. Mwaka juzi kamati ya msikiti wetu hapa Tanga ilifikiwa na ndugu watatu, wanaume wawili na dada yao, watoto wa mzee aliyekuwa akisali nasi safu ya kwanza hadi alipotangulia mbele ya haki. Nyumba ya baba yao, katika mitaa ya Ngamiani, ilikuwa na maandishi hayo, na marehemu ndiye aliyeyaandika kwa mkono wake. Sasa warithi wamekubaliana kuiuza. Je, waanzie wapi?

Kaka mkubwa alikuja na jibu lake mfukoni. Alitaka ndoo za rangi ya mafuta, fundi mmoja na siku tatu. Alikuwa na madeni, na sitamlaumu kwa haraka yake. Dada yao alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na ule ukuta wa chumba cha nyuma, katibu, nao tuupake?" Ukuta huo unapakana na choo cha uani. Kwa miaka mingi umekuwa ukitoa chumvi, lipu yake ikimung'unyika kila masika, na marehemu aliuziba kwa kabati la nguo.

Naliona swali la dada lilikuwa zito kuliko la kaka, nasi tutalirudia. Kabla yake yalikuwapo mambo mawili ambayo rangi haina kauli juu yake.

La kwanza ni mama yao. Alikuwa bado katika eda, na eda ya aliyefiwa na mume ni miezi minne na siku kumi, akiikamilisha katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Zilikuwa zimebaki wiki saba. Kumpitishia wateja vyumbani mwake, huyu akifungua dirisha na yule akipiga picha, lilikuwa jambo lisilosemeka. Tukakubaliana kuwa hakuna dalali atakayevuka kizingiti mpaka eda iishe. Kaka mkubwa aliziona wiki hizo kuwa hasara. Kumbe zilikuwa ndizo muda wa kuitengeneza nyumba.

La pili ni kujua hasa kinachouzwa. Katika maeneo kama Kariakoo au Magomeni kule Dar es Salaam, mnunuzi mara nyingi hulipia kiwanja. Nyumba ya zamani iliyo juu yake ataivunja apandishe ghorofa. Anayetumia fedha kubwa kuipamba nyumba ya namna hiyo huwa anampambia mvunjaji. Kwa nyumba ile ya Ngamiani hali ilikuwa tofauti: ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ambayo mnunuzi wake angehamia na watoto wake. Huyo huangalia kila kitu.

Basi kazi ikaanza kwenye makaratasi, kwa kuwa mnunuzi makini huuliza hati kabla ya kuuliza bei. Mahakama ya mwanzo ilikuwa imekwisha kumteua ndugu wa pili kuwa msimamizi wa mirathi; bila uteuzi huo, mrithi hata awe mkubwa kiasi gani hana mamlaka ya kuiuza mali ya marehemu peke yake. Zikakusanywa hati, stakabadhi za kodi ya ardhi na za maji. Kodi ya jengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa kupitia umeme wa LUKU. Nyumba iliyokaa bila kununuliwa umeme hujilimbikizia deni, na mnunuzi mgeni akinunua umeme kwa mara ya kwanza hushangaa uniti zake zimekwenda wapi. (Na ndugu yangu unayeuza nyumba ukiwa hai na mkeo yumo ndani: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake. Tumewahi kuona wateja wakikimbia kwa kugundua kuwa mama mwenye nyumba hana habari.)

Kisha uani. Hapo ndipo nyumba zetu nyingi hushindwa, kwa sababu uani ni ghala la kila kitu tusichotaka kukitupa: mapipa yaliyotoboka, baiskeli isiyo na gurudumu, mbao za dari ya zamani. Siku mbili za kubeba na kufagia ziliuongeza uani ule ukubwa kuliko ambavyo mwashi angeweza. Ndani walitoa nusu ya samani. Ukumbi uliokuwa ukipitika kwa ubavu ukawa unapitika kwa kifua. Bawaba za milango zilitiwa mafuta, vitasa vibovu vikabadilishwa, nyavu za madirisha zilizozibwa na vumbi la miaka zikaoshwa, na balbu hafifu zikatolewa. Gharama ya yote haya ilikuwa ndogo, na hakuna hata moja lililomdanganya mtu. Nyumba ilikuwa na mwanga tangu zamani. Walichofanya ni kuuondolea vizuizi.

Juu ya harufu nina maoni yangu. Wengi hufukiza udi saa moja kabla ya mteja kufika. Udi ni katika adabu yetu ya kumpokea mgeni, siukatazi. Ila moshi mzito mchana wa jua kali humfanya mtu mwenye akili ajiulize unafunika nini. Afadhali madirisha yafunguliwe tangu alfajiri na choo kisuguliwe.

Sasa turudi kwenye ukuta. Fundi tuliyemwita aliutindua lipu hadi kimo cha mita moja hivi, akaonyesha sababu mbili. Bomba la maji machafu ya choo lilikuwa na ufa, na udongo wa nje ulikuwa umepanda kuliko sakafu ya ndani, ukiuegemea ukuta na kuulisha maji. Bomba likabadilishwa, udongo ukaondolewa, ukuta ukaachwa wazi upumue kwa wiki tano, kisha ukapigwa lipu mpya na kupakwa chokaa. Juu ya rangi ya mafuta alisema hufaa pale ukuta ulipo mkavu; ukipaka kwenye unyevu, maji hukosa pa kutokea, yakaisukuma rangi mpaka ikatoka kama ganda. Uzuri wake usingevuka masika moja.

Lakini fundi alikuwa mkweli zaidi ya tulivyotaka. Msingi wa nyumba ile haukuwekewa tabaka la kuzuia unyevu. Ukuta umepata nafuu, akasema, haujapona.

Hapo kaka mkubwa akapendekeza tupake na kabati lirudishwe mahali pake. Dada akanitazama. Nikawakumbusha hadithi waliyoisikia mara nyingi katika darsa, ya yule muuza nafaka ambaye Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo lake akakuta chini pamelowa, akamuuliza kwa nini asiuweke unyevu juu watu wauone. Lakini iliyo karibu zaidi na nyumba ya kuuzwa ni ile ya mnyama anayeachwa bila kukamuliwa ili chuchu zijae siku ya soko. Muuzaji wa mnyama huyo hakusema neno lolote la uongo. Alipanga tu namna mteja atakavyoona, naye mnunuzi akapewa haki ya kumrudisha mnyama. Wanachuoni wakaiita tadlisi. Kumwosha mbuzi kabla ya mnada si tadlisi. Kumfunga chuchu ni tadlisi. Kuondoa kabati ili chumba kionekane kikubwa ni kumwosha mbuzi. Kulirudisha kabati lifunike ukuta, nikawaambia, mnajua wenyewe ni nini. Wala kauli ya "nauza kama ilivyo" haimtoi katika dhima anayeijua aibu na kuificha.

Eda ikaisha. Mama mwenyewe alisema maandishi ya mumewe yapakwe rangi, akaenda kukaa kwa binti yake siku kazi hiyo ilipofanywa. Wateja walipokewa asubuhi, kwa miadi, mtoto mmoja wa marehemu akiwapo.

Mteja wa kwanza alitoa bei nzuri. Alipoonyeshwa ukuta na kuelezwa habari za msingi, aliondoka na hakupokea simu tena. Kaka mkubwa hakusema nami wiki mbili. Tulikutana msikitini tukapeana mikono bila maneno. Sikuwa na la kumliwaza, maana fedha ile ingemalizia madeni yake.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo chake, fedha ambayo mtu huipata mara moja. Alikuja na fundi wake. Wakaugonga ukuta, wakahesabu, wakataka gharama ya kuweka tabaka la kuzuia unyevu ipunguzwe kwenye bei. Warithi wakakubali. Punguzo hilo lilibebwa na kila mrithi kwa kadiri ya fungu lake, na mama alikataa kata kata kusamehewa sehemu ya thumuni yake. Ikaandikwa kwenye mkataba: ukuta wa chumba cha tatu, upande wa choo, una unyevu unaopanda kutoka msingini, na mnunuzi ameuona. Nami nikatia saini kama shahidi.

Mwezi uliofuata nilipita barabara ile nikirudi kutoka sokoni. Mwalimu alikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi ya buluu, amefika kwenye neno "HAIUZWI".