Filme za watu wanaotafuta kitu kimoja tu

Wasomi wenzangu, juma lililopita mdogo wangu mmoja wa chuo aliniandikia: «Yaya, nimechoka na filme za mapigano, unipe kitu kingine.» Nikampa filme ya baiskeli. Kisha dakika ishirini akaandika tena: «Sasa hii ni filme gani? Mtu anatafuta baiskeli yake, basi?» Nikamjibu: endelea tu. Usiku, saa sita karibu kupita, simu ikalia: «Yaya, mbona hukunionya?»

Hiyo filme inaitwa Ladri di biciclette, maana yake wezi wa baiskeli. Vittorio De Sica aliitengeneza Italia mwaka 1948. Vita imeisha, mji ni Roma, kazi hakuna. Wanaume wanajazana mbele ya karani wakingoja jina lao liitwe. Antonio anaitwa: atabandika mabango kwenye kuta za mji, lakini lazima awe na baiskeli. Ya kwake ameiweka rehani. Mke wake Maria hasemi mengi, anatoa mashuka kitandani na kuyapeleka rehani ili baiskeli irudi. Pale mutaona karani anabeba lile furushi, anapanda rafu ndefu zilizojaa mashuka ya familia zingine. Hakuna anayeeleza kitu, unaona mwenyewe ni nyumba ngapi zinalala bila shuka. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli inaibiwa. Kinachobaki ni baba na mtoto wake Bruno wakizunguka mji mzima. Yule anayecheza Antonio hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na ukiangalia namna anavyotembea utaamini. Mwisho wake sitausema.

Watu wananiuliza kwa nini napenda filme za «zamani na za polepole». Si kwamba nadharau zingine. Novela za Uturuki naangalia, za Nigeria pia, tena na mama pembeni akinielezea nani ni mbaya. Lakini nilipomaliza masomo nilipita miezi nikitembea na farde mkononi: fotokopi ya diplome, atestasio, foto mbili, muhuri huu, sahihi ile, rudi kesho. Katika filme kubwa sikumwona mtu anayefanana na miye. Hakuna shujaa anayeambiwa «bosi hayuko». Kumbe walikuwepo, ila hatukuwatafuta.

Yule niliyemkuta wa kwanza anaitwa Ibrahima Dieng, na filme yake ni Mandabi, ya Ousmane Sembène wa Senegal, mwaka 1968. Sembène alikuwa amebeba mizigo bandarini Marseille, akaandika vitabu kwa Kifaransa, kisha akaona kwamba watu anaowaandikia wengi hawasomi. Akaenda Moscow kujifunza sinema. Mandabi akaitengeneza kwa Kiwolof. (Sisi tunaosema tunaona haya kuandika Kiswahili chetu cha huku, tulifikirie hilo.)

Hadithi ni hivi. Dieng ana wake wawili, watoto wengi, kazi hana. Mpwa wake anayefagia barabara za Paris anamtumia mandat ya posta ya faranga 25.000. Nyingi si za Dieng hata: 20.000 amwekee huyo kijana, 3.000 za mama ya kijana, yeye abakie na 2.000. Lakini mtaa mzima umesikia tu kwamba pesa imefika. Majirani wanakuja kukopa, dukani deni linapanda, wakati yeye hajagusa hata faranga moja. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe, naye anajua mwaka tu, tena kwa kukadiria. Mpiga foto anakula pesa yake na foto haitoki. Unacheka sana, kisha unaona unajicheka mwenyewe. Kwetu, ambako karte ya kura ndiyo inafanya kazi ya kitambulisho, nani hajapitia hapo?

Ya tatu ni fupi na nyepesi, nawapendekezea kuanza nayo. Abbas Kiarostami wa Iran, mwaka 1987, jina lake kwa Kiswahili ni «Nyumba ya rafiki iko wapi?» Ahmad amebeba kwa makosa daftari la mwenzake wa darasa, na mwalimu ameshasema yule mwenzake akikosa tena kuandika ndani ya daftari, atafukuzwa. Basi mtoto anakimbia mpaka kijiji cha pili kulirudisha, na wakubwa wote njiani hawamsikilizi. Babu yake anamtuma sigara na huku anazo mfukoni, ili tu ajifunze kutii.

Na kwetu? Muangalie Examen d'État ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, mwaka 2014. Hii siyo ya kuigiza. Kamera inafuata wanafunzi wa Kisangani kabla ya mtihani wa serikali: wanafukuzwa darasani juu ya kukosa kulipa prime ya walimu, wanajifungia kwenye nyumba moja kujisomea, wanaenda kuombewa, wanatafuta majibu ya kununua. Hakuna sauti inayotuhubiria. Wengine wenu mutaizima katikati kwa aibu, juu mutajiona.

Hakuna hata moja kati ya hizi nne inayofika saa mbili. Maneno yanaandikwa chini kwa Kifaransa, kwa hiyo musiangalie huku munajibu WhatsApp, mutapotea.

Mdogo wangu sasa anataka Mandabi. Tumepatana Jumamosi, kama umeme utakuwepo. Yeye atalipa mega, miye nitaleta chai, na mama amesema atakaa nasi aone kama huyo Dieng atapata pesa yake.