Nguvu ya Wanane: Tutajuaje Kama Skramu ya Chuo Imeimarika? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza skramu ya raga ni nini: mafowadi 8 wanashikana mabega, wanainama, wanakutana na 8 wa upande wa pili, na mpira unaingizwa katikati yao. Tuliwataja propu wawili na huka aliye kati yao, maloki wawili nyuma yao, maflanka pembeni, na nambari 8 mkiani. Leo tuingie katika swali ambalo huulizwa vyuoni kila msimu na hujibiwa kwa pupa: je, safu hii imeimarika kuliko mwaka jana? Wengi hutazama idadi ya mechi ambazo timu imeshinda, wakajibu ndiyo au la. Hoja yangu ni kwamba skramu ya timu ya chuo imeimarika pale tu kazi yake inapobaki imara ingawa waliokuwa wakiifanya wamebadilika. Kipimo kingine chochote, kikitumiwa peke yake, kinaweza kutuonyesha umri wa wachezaji, au udhaifu wa wapinzani, tukadhani tumeuona ufundi.

Kwa msomaji wa Kilifi na Malindi swali hili lina uzito wa pekee, maana raga tuliyoizoea zaidi huku Pwani ni ile ya wachezaji 7 kila upande. Mashindano ya Driftwood, yanayochezwa Mombasa, ni ya raga hiyo. Ushindi ambao Wakenya wengi wanaukumbuka ni ule wa Singapore, Aprili 2016, timu yetu ya taifa ilipoifunga Fiji 30-7 katika fainali. Katika mchezo huo skramu ni ya watu 3 kwa 3, huisha kwa kufumba na kufumbua, na sifa zote humwendea mkimbiaji. Jicho lililolelewa hivyo likiletwa kwenye raga ya 15 hufuata mpira unapokwenda na kuwaacha wanane walioutoa chini. Tunamsifu winga aliyefunga trai pembeni mwa uwanja, na hatuulizi alipataje ile nafasi ya kukimbia. Mara nyingi aliipata kwa sababu maflanka wa wapinzani walikuwa wamebanwa ndani ya skramu iliyokuwa ikirudi nyuma, wakachelewa hatua 2 kumfikia.

Tuanze na matokeo, kwa kuwa ndiyo ushahidi unaotolewa kwanza. Novemba 2018, mjini Marseille, timu yetu ya taifa ya raga ya 15, Simbas, ilicheza mashindano ya nafasi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la 2019. Ilifungwa 65-19 na Canada, 43-6 na Ujerumani, na 42-17 na Hong Kong. Miaka 4 baadaye, Novemba 2022, ilikuwa Dubai kwa mashindano ya aina ile ile: ikafungwa 68-14 na Marekani, 85-0 na Ureno, na 22-18 na Hong Kong. Mwenye kujumlisha ataona kwamba mwaka 2018 ilifungwa pointi 150 na mwaka 2022 ikafungwa 175, naye atasema Simbas walirudi nyuma. Mwenye kutazama Hong Kong peke yake ataona pengo la pointi 25 limepungua hadi 4, naye atasema walipiga hatua kubwa. Wote wawili wana hesabu sahihi. Mimi naupa uzito zaidi ule mlinganisho wa Hong Kong, kwa sababu mpinzani ni yule yule na uzito wa mashindano ni ule ule, ilhali Ureno ile ndiyo iliyokwenda Ufaransa mwaka 2023 ikaishinda Fiji 24-23 katika Kombe la Dunia lenyewe. Lakini hata mlinganisho huo hausemi lolote kuhusu skramu. Pengo la pointi linaweza kupunguzwa na mpigaji mkwaju hodari, na ulinzi wa pembeni, au na wapinzani walioangusha mipira yao. Ikiwa kwa timu ya taifa, yenye mechi zilizorekodiwa na kuandikwa, matokeo yanatupa majibu mawili yanayopingana, itakuwaje kwa timu ya chuo ambayo leo inacheza na wanaoshiriki ligi kuu ya taifa, Kenya Cup, na Jumamosi inayofuata inacheza na wanaojifunza?

Basi wengine husema, tuache matokeo, tuhesabu skramu zenyewe: ngapi tuliingiza mpira sisi, na ngapi tukaupata. Hii ni hatua njema, lakini ina mitego. Wa kwanza ni uchache. Tuchukue mechi ambayo timu imeingiza mpira mara 6. Ikiupata mara zote, ni asilimia 100. Ikiupoteza mara 1 tu, ni asilimia 83. Utelezi wa mguu mmoja, au mvua ya dakika 10, umeshusha hesabu kiasi cha kumfanya mtu aseme safu imeharibika. Mechi moja haiwezi kubeba hukumu. Zikifika 10, mipira ikawa 60, hapo angalau tunaanza kuona umbo la jambo.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni kwamba kupata mpira si sawa na kupata mpira mzuri. Skramu inaweza kurudishwa nyuma mita 2, huka akafaulu kuukwangua mpira kwa kisigino, nambari 8 akaukanyaga ukimponyoka, na skramu-hafu, anayeupokea mpira nyuma ya skramu, akaudaka huku flanka wa wapinzani amemshika jezi. Katika daftari imeandikwa kwamba tumeupata. Uwanjani tumepata mzigo. Ndiyo maana anayetaka kujua ukweli asimtazame mwenye mpira tu, atazame miguu: je, nambari 8 anapoutoa mpira, miguu yake iko mbele ya pale skramu ilipoanzia au nyuma? Je, skramu-hafu anapitisha akiwa amesimama sawasawa au anapitisha huku akikimbia kujiokoa? Vyuo vya Marekani vina tatizo kama hili katika futiboli yao, ambako watu 5 husimama mbele ya mrushaji mpira ili asiangushwe. Huhesabu mara alizoangushwa na kuwalaumu wale 5, hali mrushaji anayeng'ang'ania mpira muda mrefu huangushwa hata nyuma ya safu bora, na mrushaji mwepesi wa kuachia huifichia safu mbovu aibu yake. Skramu-hafu wetu naye anaweza kuificha skramu, au kuifedhehesha.

Sasa tufike kwenye jambo linalotenganisha chuo na klabu, nalo ni umri. Mwanafunzi huingia chuoni akiwa na miaka 18 au 19 na kuondoka baada ya miaka 4. Huko alikotoka, sheria za dunia za raga ya vijana walio chini ya miaka 19 zinakataza skramu kusukuma zaidi ya mita 1.5. Maana yake propu aliyesifiwa shuleni huenda hajawahi hata mara moja kushikilia mgongo wake dhidi ya msukumo usiokoma. Mwaka wake wa kwanza chuoni atateseka, wa pili atajifunza kupumua, na wa tatu atasimama. Tukiichukua safu ya watu 8 walioingia pamoja tukailinganisha na ilivyokuwa mwaka mmoja kabla, karibu kila mara tutaiona imeimarika. Lakini ni miili iliyokomaa. Siku ya mahafali wataondoka na kila walichojua, na mwezi wa kwanza wa msimu mpya chuo kitajikuta pale pale kilipokuwa. Upropu, zaidi ya hayo, ni kazi inayokomaa kwa kuchelewa. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Zimbabwe aliyeichezea Afrika Kusini, alikuwa na miaka 34 alipoivunja safu ya mbele ya Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia. Hakuna chuo kitakachomfikisha mtu kwenye kilele chake cha upropu kabla hajahitimu. Kile ambacho chuo kinaweza kukijenga ni namna ya kufundisha isiyoondoka na waliofundishwa.

Fainali hiyo, iliyochezwa Yokohama tarehe 2 Novemba 2019, inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake kuna jaribio ambalo hakuna mwalimu angeweza kulipanga. Wiki moja kabla, Uingereza ilikuwa imeing'oa New Zealand 19-7 katika nusu fainali, na safu yake ilisifiwa kila pembe. Dakika ya 3 ya fainali, propu wake wa kulia, Kyle Sinckler, aligongana na mwenzake akatolewa. Aliyeingia, Dan Cole, hakuwa mgeni. Alikuwa na zaidi ya mechi 90 za kimataifa. Hata hivyo skramu ile ile iliyosifiwa siku 7 zilizopita ilianza kusambaratika na kutoa penalti. Kwa upande wa pili, Afrika Kusini nayo ilipoteza watu katika kipindi cha kwanza: huka Bongi Mbonambi na loki Lood de Jager walitolewa kwa majeraha, wakaingia Malcolm Marx na Franco Mostert. Mapema kipindi cha pili wakabadilisha propu wote wawili kwa hiari yao. Safu yao ya mbele sasa ilikuwa ya watu 3 ambao hakuna hata mmoja aliyeanza mechi, nayo iliendelea kusukuma. Mpigaji mkwaju wao, Handré Pollard, alifunga penalti 6, na Afrika Kusini ikashinda 32-12. Pande zote mbili zilibadilishiwa watu. Upande mmoja kazi ilivunjika, upande wa pili kazi iliendelea. Aliyeiona nusu fainali tu angeapa kwamba Uingereza ndiyo yenye safu iliyoimarika.

Kuna watakaonijibu kwamba haya yote ni maneno mengi, skramu ni kilo. Sikatai kwamba uzito unasaidia, lakini watu wa pwani hii hawahitaji kwenda mbali kupata jibu. Tazama mashua inavyokwezwa ufukweni Ngomeni au Mayungu wakati wa kuitengeneza. Wanaume 10 wenye miraba minne, kila mmoja akisukuma kwa wakati wake, wataihangaisha mashua na isisogee hata shibiri. Wanane wembamba wakiitika neno moja, chombo kinapanda. Nguvu ya skramu hufika mbele ikiwa tu migongo imenyooka, miguu imekita mchanga kwa pamoja, na maloki wanasukuma kuelekea pale propu anapohitaji. Propu wa jezi nambari 3 huingiza kichwa chake kati ya wapinzani wawili na kubeba shinikizo la wote. Kilo zake 120 hazitamwokoa ikiwa loki wa nyuma yake amechelewa nusu nukta. Hapa pia pana jambo la shingo za vijana hawa, ambalo kwangu linatangulia ushindi wowote. Skramu inayoporomoka ndiyo inayoumiza. Safu iliyopata trai 3 zaidi lakini ikaporomoka mara mbili zaidi haijaimarika, na mwalimu anayeiita imara anacheza na uti wa mgongo wa mtoto wa mtu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la marefa. Husemwa kwamba skramu ikiporomoka refa mara nyingi hubahatisha nani mkosa, hivyo penalti si ushahidi. Ni kweli kwa penalti moja, na pengine kwa mechi nzima. Lakini marefa 6 tofauti, katika mechi 6 tofauti, wakiadhibu upande ule ule wa skramu yetu, tuseme upande wa jezi nambari 3, si rahisi wote wabahatishe mahali pamoja. Makosa ya kubahatisha hutawanyika. Udhaifu hurudi pale pale.

Kwa chuo kama Pwani, hapa Kilifi, kilichoanza mwaka 2007 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013, haya si mambo ya anasa. Vilabu vyenye wakongwe wa kuwarithisha vijana ufundi wa safu ya mbele viko mbali na hapa, na raga ya 15 huku haina mizizi mirefu. Kinachohitajika ni daftari la shilingi mia na mtu mmoja mwaminifu pembeni mwa uwanja. Kwa kila skramu aandike dakika, mpinzani, nani walivaa jezi 1, 2 na 3, nani aliingiza mpira, na miguu ya nambari 8 iliishia mbele au nyuma. Dakika za baada ya 60, benchi linapoingia, azipigie mstari. Kisha ukurasa utakaofaa kusomwa kwa makini kuliko zote ni ule wa mechi ya kwanza baada ya mahafali, wakati jina lililo kwenye jezi nambari 3 halikuwahi kuonekana humo ila kama mchezaji wa akiba. Laini-auti, ambako urefu na hesabu za siri hushika nafasi ya msukumo, itakuwa mada ya sehemu ya tatu.