Takwimu za Rufiji Zikianza Kutembea

Tangu mwishoni mwa 1998, kabla Kibiti haijawa wilaya, wahojaji walianza kupita kaya kwa kaya katika kata za Rufiji kila baada ya miezi minne. Nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na alikuwa na dalili gani. Kila jibu la dodoso likawa mstari ndani ya faili la kompyuta.

Mganga wa wilaya mwenye bajeti ya kupanga hana muda wa kusoma maelfu ya mistari. Mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, uliigeuza kuwa grafu za kuonyesha mzigo wa kila ugonjwa, ili fedha zielekezwe kwenye malaria na maradhi mengine yaliyoua watoto. Vifo vya watoto Rufiji na Morogoro Vijijini, wilaya mbili za mradi huo, vikapungua kwa zaidi ya 40% katika miaka michache. Grafu haitibu mtu, bila shaka. Kazi hiyo ilifanywa na dawa, vyandarua na wahudumu waliopewa mafunzo.

Grafu za namba kama hizo zinaweza pia kutembea. Mwaka 2006 Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyewahi kufanya kazi Nacala, Msumbiji, aliuonyesha ulimwengu takwimu zinazotembea: kila nchi ni kiputo kinachosogea miaka ikipita.

Ufundi wa grafu kama hizo si mgumu. Programu husoma mstari wa kwanza wa faili, wenye majina ya safu: kijiji, mwaka, vifo. Kisha hukata kila mstari penye mkato, hugeuza maandishi kuwa namba, na namba kuwa mahali kwenye kioo. Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, 2000 ina vifo 120 kwa watoto 1,000 na 2001 ina 108. Programu ikigawa mwendo huo katika hatua 24 sawa, hatua ya 12 itaonyesha 114.

Hiyo 114 hakuna aliyeihesabu. Ni makisio ya kulainisha mwendo, na jicho huyaamini kuliko jedwali. Baya zaidi ni nafasi tupu: mhojaji akizuiwa na mafuriko, programu iliyoandikwa ovyo husoma sifuri, na kijiji kizima kitaonekana hakikupoteza mtoto.

Ukionyeshwa grafu inayotembea, uliza ni miaka ipi ilipimwa kweli, na uombe kuliona faili lenyewe.