Mgonjwa, Jipe Pole Wewe Mwenyewe

Jirani akiugua, sote tunajua la kufanya. Tunaenda kumwona na unga kidogo au ndizi, tunamwambia, "Pole sana, utapona." Lakini tukiugua sisi wenyewe, maneno hubadilika. Tunajiambia: "Mimi ni mzigo. Nimewakosea watoto. Mbona nalala kama mvivu?"

Mama mmoja katika kikundi tulichotembelea alitusimulia yake. Alipatikana na kifua kikuu, yaani TB. Zahanati ilimpa dawa bure, atumie miezi sita. Mwezi wa pili kikohozi kilipungua, naye akaona aibu kupumzika huku wenzake wakilima. Akaacha dawa, akashika jembe. Haikupita muda, homa na jasho la usiku vikarudi. Sasa akajilaumu zaidi, hata akaona haya kurudi kwa daktari.

Hii ndiyo hatari ya kujilaumu. TB huletwa na viini vinavyosafiri hewani. Si laana, wala si malipo ya dhambi. Lakini dawa ikiachwa njiani, viini vinavyobaki vinaweza kuwa sugu, na matibabu yakawa marefu na magumu zaidi.

Kujihurumia ni nini?

Si kujililia, wala si uvivu. Mwaka 2003 Kristin Neff, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alieleza kwamba kujihurumia kuna sehemu tatu. Sisi tunaziweka hivi:

1. Sema na nafsi yako kwa upole, kama unavyosema na rafiki mgonjwa.

2. Kumbuka hauko peke yako. Kuugua ni jambo la binadamu wote.

3. Litazame jambo lilivyo, bila kulificha na bila kulikuza. Sema, "Leo nimechoka." Usiseme, "Mimi si mtu tena."

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, hupewa tu. Basi wewe uliye mgonjwa, usijinyime uji huo. Kupumzika, kula na kumeza dawa kila siku ndiyo kazi yako kwa sasa.

Kikundi kifanye nini?

Katibu wa kikundi alimtembelea yule mama. Hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Kama mgonjwa angekuwa mimi, ungeniambia nini?" Mama akajibu, "Ningekuambia pumzika, meza dawa, shamba halitakimbia." Katibu akasema, "Haya, jiambie hivyo hivyo." Kesho yake walienda zahanati pamoja. Wanakikundi wakapeana zamu ya kumpalilia mahindi. Safari hii alimaliza dawa.

Angalieni pia jambo hili. Mgonjwa akikaa na huzuni nzito zaidi ya majuma mawili, au akikosa usingizi na hamu ya mambo aliyoyapenda, mpelekeni kwa mhudumu wa afya. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao una matibabu. Akitaja kutaka kufa, msimwache peke yake hata kidogo, na msingoje kesho.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ulipougua mara ya mwisho, ulijiambia maneno gani?

2. Je, ungemwambia jirani maneno hayo?

3. Ni nani kati yetu anayeugua sasa, na shamba lake linapaliliwa na nani?