Gari Linapokataa Kona

Katika makosa yote ambayo gari la mbio laweza kumtendea mwendeshaji wake ndani ya kona, mawili ndiyo asili, na mengine ni matawi yake tu: la kwanza ni pua kukataa kugeuka, usukani ukawa umekatwa ilhali gari laendelea kuuelekea ukingo wa nje, la pili ni mkia kuchomoka, sehemu ya nyuma ikauacha mstari na kutaka kuitangulia ya mbele. Mtu aliyezoea lami ya Barabara ya Morogoro aweza kumaliza umri wake asikutane na kosa hata moja kati ya haya. Lakini aiachapo lami upande wa Kibaha na Mlandizi, akashika njia za udongo ziendazo Mzenga, Maneromango na Kisarawe, huenda akayaona yote mawili katika asubuhi moja, tena kwa mwendo ambao juu ya lami asingeuhesabu kuwa ni mwendo.

Gari zima, pamoja na injini yake na waliomo, limeishika ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Na kila kipande kina kadiri yake ya nguvu, ambayo lazima igawanywe baina ya kuvuta, kufunga breki na kukata kona. Anayeitumia yote katika breki hakubakiziwa kitu cha kukatia kona, hata akiuzungusha usukani mpaka mwisho. Tuchukue kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50: juu ya lami kavu gari la kawaida laweza kuipita kwa kiasi cha kilomita 70 kwa saa, na juu ya changarawe isiyoshikamana, kwa kilomita 55 au pungufu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, walakini nguvu inayohitajika kukata kona huongezeka kwa mraba wa mwendo, hata yule aliyepanda kutoka 55 hadi 70, akidhani ameongeza robo tu, kwa hakika ameyaongezea matairi yake dai kwa zaidi ya nusu ya lile aliloyadai kwanza.

Juu ya hayo, mzigo wenyewe hautulii. Mabaharia wa pwani hii wangelielewa jambo hili upesi kuliko madereva wengi, kwani wajua kwamba jahazi ambalo shehena yake imeegemea omo halitii usukani sawasawa na lile ambalo shehena yake iko tezi, ingawa uzito ni ule ule. Katika gari, mwenye kuihamisha shehena hiyo ni mguu wa dereva: akikanyaga breki, uzito huenda mbele na matairi ya nyuma hubaki mepesi, akikanyaga mafuta, uzito hurudi nyuma na ya mbele hupungukiwa na mshiko. Kwa sababu hii nasema, ijapokuwa wengi hudhani ustadi wa kona umo mikononi, kwamba aghalabu ya makosa haya mawili huanzia mguuni, na tiba yake pia huanzia huko.

Mchanga wa Kibaha ndio mwalimu wa kosa la kwanza. Dereva aingia konani kwa kasi kupita kiasi, matairi ya mbele yaanza kuulima mchanga badala ya kuushika, naye, kwa maumbile ya binadamu, huongeza usukani. Hapo ndipo aharibupo, kwa maana tairi lililokwisha kuteleza haliongezewi mshiko kwa kupindwa zaidi. Hulima zaidi tu, na siku litakapopata ardhi ngumu likiwa limepindwa hivyo, gari litageuka ghafla kuliko alivyotaka. Njia ya salama ni kinyume cha silika: apunguze mafuta kwa taratibu ili uzito urudi mbele, aulegeze usukani kidogo, asubiri mpaka ahisi pua imeshika, ndipo akate tena. Subira hiyo ni ya nukta moja hivi, nayo ni ngumu kuliko ushujaa wowote niujuao barabarani.

Kosa la pili hulipata darasa lake katika udongo mwekundu wa Kisarawe, hususa wakati wa masika, ambapo utando mwembamba wa tope hukaa juu ya ardhi iliyo ngumu chini yake. Mkia uanzapo kwenda, mwenye hofu huachia mafuta mara moja au hupiga breki, na kwa tendo hilo huuondoa uzito uliokuwa ukiyakandamiza matairi ya nyuma, yakapoteza hata ule mshiko haba yaliyokuwa nao. Yapasa macho yaelekee pale atakapo kwenda, wala si kwenye mti anaouogopa. Mikono iupeleke usukani upande ule ule mkia unakokwenda, kwa wepesi. Na mguu ubaki na mafuta ya wastani. Walio wengi hujifunza haya, wakasahau nusu ya pili: mkia ukianza kurudi, usukani nao urudishwe hima, la sivyo gari litaruka upande wa pili kwa kishindo kikubwa kuliko cha kwanza. Ukikuta mkia umekwisha kupita mahali pa kurudishwa, kanyaga klachi na breki pamoja, uache gari lisimame lenyewe.

Tabia ya gari nayo ina sehemu yake. Lile linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota IST zilizojaa mijini mwetu, laelekea kosa la pua. Altezza au Mark II, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, hutupa mkia kwa mtu mwenye mguu mzito. Historia ya mashindano yetu yaonyesha kwamba hakuna tabia isiyofugika. Safari Rally, iliyoanzishwa 1953 ikizizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ushindi wake ulitwaliwa na Hannu Mikkola mwaka 1972 kwa Ford Escort, akiwa mgeni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo, na mwaka uliofuata na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa Datsun 240Z, yote mawili yakiwa magari ya kusukumwa na nyuma. Lakini Erik Carlsson wa Uswidi alikuwa wa pili mwaka 1964 kwa Saab iliyovutwa na mbele, naye alijulikana kwa kutumia mguu wa kushoto kugusa breki wakati ule wa kulia ungali juu ya mafuta, ili pua ilemewe na mkia ulegee kwa kipimo alichokitaka mwenyewe. Alilitumia kosa moja kulitibu jingine, jambo ambalo simshauri mwanafunzi alijaribu kabla hajaweza kufunga breki vizuri katika mstari ulionyooka.

Kufunga breki katika mstari ulionyooka, nasema, ndiko kunakookoa kona nyingi: mwendo upunguzwe na gia ishushwe kabla ya usukani kuguswa, mguu utulie katikati ya kona, mafuta yaongezwe kadiri usukani unavyofunguka. Mitambo ya kuzuia mtelezo, ambayo kampuni ya Bosch na Mercedes-Benz waliileta sokoni mwaka 1995, huweza kuifunga breki ya gurudumu moja peke yake ili kulinyoosha gari, na ni msaada mkubwa. Ila nayo haina mshiko wa kuazima pasipo na mshiko. Upepo wa matairi hubadilisha mengi pia: kuupunguza mbele katika mchanga kwaweza kuisaidia pua, na kuupunguza mno huyafanya matairi yayumbe na kuchelewa kuitikia. Na mazoezi yafanyike katika uwanja wazi, kwa idhini ya mwenyewe, ardhi ikiwa imelowa ili gari liteleze kwa mwendo mdogo, kofia ngumu kichwani na mkanda umefungwa. Barabara ya Maneromango ina watoto waendao shule na baiskeli za mkaa, nayo haifai kwa somo hili ila siku itakapofungwa kwa rali.