Baba akiamka mara nne usiku, usiseme ni uzee tu

JE, msomaji, umewahi kulala ukasikia mlango wa babako ukifunguliwa usiku wa manane, malapa yakiburutwa kuelekea msalani, kisha kimya kirefu? Baada ya saa moja hivi mlango hufunguliwa tena. Asubuhi unamkuta mezani na kikombe cha chai, macho mekundu, na ukimuuliza kama amelala vyema hukujibu kwamba huo ni uzee tu.

Katika ploti nyingi za jijini choo huwa kimoja kwa wapangaji kadhaa, nacho kiko mwisho wa ujia. Kila mtu anajua ni nani huamka. Ndiyo maana wazee wengine huweka mkebe chini ya kitanda, na wengine huacha hata kunywa maji mchana kutwa. Hawasemi neno, kwani baba kumweleza mwanawe, hasa binti, habari za mkojo ni aibu. Aibu hiyo ndiyo inayowafikisha wengi hospitalini wakiwa wamechelewa.

Mara nyingi kiini cha tatizo hili huwa ni tezi dume. Kila mwanamume anayo. Iko chini ya kibofu cha mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kijana huwa na uzani wa gramu 20 hivi. Mrija wa mkojo hupitia katikati yake, na hapo ndipo shida huanzia.

Mwanamume akishapita umri wa miaka 40, tezi hii huanza kukua polepole. Yakadiriwa kuwa karibu nusu ya wanaume walio na miaka hamsini na kitu tezi zao zimekua, na miongoni mwa waliopita miaka 80 ni takriban tisa kati ya kila kumi. Si wote wanaosumbuka. Lakini kwa wengine tezi huubana mrija, kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia maji bustanini. Kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu, na baada ya miaka kadhaa huchoka, mkojo mwingine ukabaki ndani.

Dalili zake ni hizi: kuamka mara kwa mara usiku, mkojo kuchelewa kuanza, kutoka kwa unyonge au kukatika njiani, kudondoka baada ya kumaliza, kubanwa ghafla, na kuhisi kwamba kibofu hakijaisha.

Si saratani, lakini apimwe

Wengi hunyamaza kwa kuhofia saratani. Kukua huku kwa tezi si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Hata hivyo, mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja, na saratani ikiwa changa aghalabu haina dalili yoyote. Isitoshe, kisukari nacho humfanya mtu kukojoa mara nyingi. Ni vipimo tu vitakavyotenganisha mambo haya.

Daktari hupima mkojo, huangalia sukari na figo, na huenda akaagiza kipimo cha damu kiitwacho PSA pamoja na picha ya altrasaundi. Kipimo kinachoogopwa zaidi ni kile cha daktari kuvaa glavu na kuingiza kidole katika njia ya haja kubwa ili kuipapasa tezi. Hakina raha, lakini humalizika kwa muda mfupi sana.

Mambo ya kufanya nyumbani

Ikiwa dalili si kali, mabadiliko madogo huleta nafuu. Mzee anywe maji ya kutosha mchana, lakini apunguze vinywaji saa mbili au tatu kabla ya kulala. Chai, kahawa na pombe za jioni humwamsha. Akienda haja ndogo asiharakishe. Akimaliza angoje kidogo, kisha ajaribu tena. Asijizuie kwa muda mrefu. Ale mboga na matunda ili asifunge choo, kwani choo kigumu huzidisha shida ya mkojo. Ikiwa anatumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, amuulize daktari kama anaweza kubadilisha saa ya kuzimeza. Asiache dawa mwenyewe.

Dalili zikizidi, kuna vidonge. Aina ya kwanza, kama vile tamsulosini, hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu, na nafuu huonekana kwa siku au wiki chache. Huweza kuleta kizunguzungu, kwa hivyo mzee asiinuke kitandani kwa ghafla. Aina ya pili, kama vile finasteridi, huipunguza tezi yenyewe, lakini huenda ikahitaji miezi sita au zaidi. Dawa hii huteremsha kiwango cha PSA kwa karibu nusu, kwa hivyo daktari yeyote atakayempima lazima aambiwe kwamba anaitumia.

Vidonge vikishindwa, kuna upasuaji. Aina iliyo maarufu hufanywa kwa kupitisha kifaa katika njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Wanaume wengi huuliza kimoyomoyo kama watabaki kuwa wanaume. Wengi huendelea na tendo la ndoa, ila mara nyingi shahawa hurudi kibofuni badala ya kutoka nje.

Vipi kuhusu mitishamba? Gome la mti wa muiri, unaomea katika misitu yetu ya milimani, limekuwa likitengenezewa dawa ya tezi huko Ulaya kwa miongo mingi. Baadhi ya majaribio yalionyesha nafuu ya kiasi, lakini mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Kinachouzwa kando ya barabara hakina kipimo kinachojulikana, tena hakiwezi kumwambia mzee kama ana saratani.

Mkojo ukigoma kabisa

Sasa fikiria safari ya Desemba. Baba ana mafua, amenunua vidonge vya kuzibua pua, amekunywa chupa mbili za bia, kisha amepanda basi la usiku kwenda Busia na kujizuia njia nzima. Dawa nyingi za mafua hukaza mrija au kudhoofisha kibofu. Akifika nyumbani mkojo unakataa katakata, na tumbo la chini linauma na kuvimba. Hiyo ni dharura. Asipewe maji zaidi, asikandwe, asingojee asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja atiwe mpira wa kutoa mkojo. Vilevile, damu kwenye mkojo, au homa na maumivu wakati wa kukojoa, si mambo ya kungojea.

Huenda baba yuko nyumbani. Mpe daftari. Kwa siku tatu aandike saa anazoenda haja, mchana na usiku, na anachokunywa. Daktari atalifurahia daftari hilo. Na kama ni vigumu kwako kuanza mazungumzo, mwachie ukurasa huu mezani, kando ya kikombe chake.